Unataka Kuwa Wakili? Rada Kamili ya Kuchagua Chuo Kabla Ufike Karen

Kila mwaka matokeo ya KCSE yakitoka, hapa Machakos kuna swali moja huzunguka kutoka Mulu Mutisya Gardens mpaka Kyumvi: "Nataka kuwa wakili, nisomee wapi?" Na kila mtu huwa na jibu. Mjomba anasema UoN ama uache. Jirani anasema private ndio wanamaliza haraka. Msee wa cyber anasema bonyeza chochote, sheria ni sheria.

Shida ni kwamba hii kozi haisamehi. Ukisomea biashara kwa chuo fulani na usipendezwe, bado utapata wera. Ukisomea sheria mahali hapatambuliki, unaweza maliza miaka minne, familia ichinje mbuzi, halafu ufike Karen uambiwe karatasi yako haifungui mlango. Hiyo ni ngori.

So hii ndio rada, hatua kwa hatua. Isome mpaka mwisho kabla umpe mtu fii.

Kwanza, sahau ile ya Suits

Wengi wetu tulijulia sheria kwa series. Pale Marekani, mtu husoma digrii ya kwanza ya kitu chochote, iwe historia, uchumi ama hata muziki, miaka minne. Halafu anafanya mtihani wa kuingia shule ya sheria, anasoma miaka mitatu mingine. Ndio maana kwa intaneti utaona ushauri wa "soma kitu unachopenda kwanza, sheria itakuja baadaye."

Kenya haiko hivyo. Huku sheria ni digrii ya kwanza. Unatoka form four, unaingia chuo kikuu moja kwa moja kusomea LLB, miaka minne. Baada ya hapo ndio unaenda Kenya School of Law, ile watu huita KSL ama "Karen" tu, kusomea kozi ya mawakili. Kwa hivyo hapa nyumbani, kuchagua chuo cha digrii na kuchagua sheria ni uamuzi mmoja. Ukichagua chuo vibaya, umechagua vibaya na safari yote.

Na kama tayari una digrii ya kitu kingine, usilie. Unaweza ingia LLB kwa kutumia hiyo digrii yako. Lakini bado lazima usome LLB. Hakuna njia ya kutoka na digrii ya Sosholojia uende Karen direct.

Safari yote iko hivi

Hii ndio ramani, ili ujue kila shilingi inaenda wapi:

1. KCSE. Hapa ndio gredi zinaanza kukufungulia ama kukufungia.
2. LLB, miaka minne, kwa chuo chenye leseni ya Council of Legal Education, yaani CLE.
3. KSL, masomo ya mwaka mmoja hivi. Masomo ni tisa: kesi za madai, kesi za jinai, mirathi, uandishi wa kisheria, utetezi mahakamani, maadili ya kazi, usimamizi wa ofisi ya wakili, uhamishaji wa ardhi na mali, na mikataba ya biashara.
4. Mtihani wa CLE. Hapa ndio wengi huangukia, wanarudia karatasi moja moja.
5. Pupillage, miezi sita chini ya wakili mwenye amekaa kwa kazi miaka mitano ama zaidi. Hapa ndio wengi huangukia, wanarudia karatasi moja moja.
6. Unapeleka ombi kwa Jaji Mkuu, unaapishwa, unaweka sahihi kwa orodha ya mawakili. Hapo ndio mathee analia na simu zote zinapiga picha.

Piga hesabu: miaka minne ya chuo, karibu mwaka na nusu ya Karen na pupillage, halafu kungoja matokeo na kuapishwa. Ukienda bila kukwama, ni kama miaka sita. Mtu akikuambia kuna njia ya mkato ya miaka mitatu, hizo ni story za jaba.

CLE ni nani na mbona uwajue

Watu hudhani chuo kikuu kikishapata charter basi kozi zake zote ziko sawa. Kwa sheria, hapana. Chuo kinaweza kuwa halali kabisa, kina charter, kina lango kubwa na fensi safi, lakini kama CLE haijakipa leseni ya kufundisha sheria, LLB yake ni balaa.

CLE ilipewa hiyo nguvu na Sheria ya Elimu ya Kisheria ya 2012. Kazi yake ni kuchunguza: walimu ni wangapi, maktaba ina vitabu gani, kuna ukumbi wa mahakama ya mazoezi ama ni meza mbili na bendera, wanafunzi wamejazana wangapi kwa darasa moja. Chuo kikipita, kinapewa leseni. Kikichoma, kinaambiwa kijirekebishe ama kiache kuchukua wanafunzi.

Na usidhani inatishia tu vyuo vidogo. Mwaka wa 2015 CLE iliandama Chuo Kikuu cha Moi, ambacho kimekuwa kikifunza sheria tangu 1994, na ikaamuru kitivo chake cha sheria kifungwe. Ilikuwa ndrama kubwa, ikaishia mahakamani. Kitivo kiliendelea na mpaka leo kiko. Lakini hebu fikiria ukiwa mwaka wa tatu, umelipiwa fii kwa kuuza shamba, halafu unasoma kwa gazeti kwamba shule yako imeambiwa ifungwe. Kama kitu kama hicho kinaweza fikia chuo kikubwa cha serikali, basi usimwamini mtu mwenye anakuambia "usijali, leseni iko njiani."

Kuna vitu vitatu vya kucheki kwa orodha ya CLE, na iko kwa tovuti yao, bure:

Kwanza, jina la chuo liko? Kama haliko, funga ukurasa, songa mbele.

Pili, ni kampasi gani? Leseni hutolewa kwa kampasi, sio kwa jina la chuo pekee. Chuo kinaweza kuwa na kampasi nne na ruhusa ya sheria iwe kwa moja tu. Ukisajiliwa kwa ile ingine, umekula hu.

Tatu, leseni inaisha lini? Wewe unaingia kwa miaka minne. Kama leseni yao inaisha mwaka ujao, uliza wamefika wapi na kuomba upya. Uliza kwa ofisi ya mkuu wa kitivo, usiulize msee wa kugawa vipeperushi.

Gredi: C+ na ile B ya lugha

Hapa ndipo watu wengi hupatwa na mshtuko.

Kuingia LLB kwa njia ya kawaida unahitaji gredi ya wastani ya C+ kwa KCSE, pamoja na B plain kwa Kingereza ama Kiswahili. Soma tena: ama Kiswahili. Kama Kingereza kilikupiga chenga ukapata C+, lakini Kiswahili ulipata B, bado uko mchezoni. Wale waliokuwa wanakucheka form two ukitunga insha za methali, sai wanyamaze.

Kuna pia njia za kando. Mwenye digrii ingine anaweza kuingia. Mwenye diploma ya sheria iliyopita vizuri anaweza kuingia pia. KSL yenyewe hufunza diploma ya sheria, ile ya wasaidizi wa kisheria. Kwa hivyo ukipata C plain, chuo kinaweza kukuchukua LLB kupitia diploma, na kwa sheria za kuingia chuo uko sawa.

Lakini hapa kuna mtego, na ndio umeumiza watu wengi zaidi nchi hii. Kuingia LLB ni mlango mmoja. Kuingia KSL ni mlango mwingine, na una kufuli lake. Sheria ya Kenya School of Law ya 2012, kwa Jedwali lake la Pili, imetaja digrii ya LLB na pia imetaja hiyo C+ na B ya lugha. Vita kwa miaka mingi imekuwa moja: hizo gredi za KCSE zinamhusu kila mtu, ama ni wale tu waliosomea nje ya nchi? Msee aliyepanda kutoka diploma mpaka digrii, akapata LLB nzuri, arudishwe nyuma ju ya Kingereza cha form four?

Kuna watu walifika Karen na LLB mkononi wakakataliwa. Wakaenda kortini. Mahakama Kuu imetoa maamuzi ambayo hayakuenda upande mmoja, na mambo yakafika Mahakama ya Rufaa. Wengine walipoteza miaka wakingoja jaji aamue kama wanaweza hata kuanza masomo.

Kwa hivyo form ni hii:

Kama una C+ na B ya lugha, wewe tembea kifua mbele, hiyo stori haikuhusu.

Kama huna, usiingie LLB ukiwa gizani. Kabla ulipe semista ya kwanza, chukua tangazo la karibuni la KSL la kuita wanafunzi, soma masharti yake, halafu andikia KSL barua pepe ueleze gredi zako na njia yako. Weka jibu lao. Pia unaweza fikiria kurudia KCSE. Najua inauma, lakini mwaka mmoja wa kurudia ni bei rahisi kuliko miaka minne ya digrii na miwili ya korti.

Masomo 16 ya lazima

Sheria imeweka masomo 16 ambayo kila LLB lazima iwe nayo. Ni haya: utafiti wa kisheria, makosa ya madai, mikataba, mifumo ya sheria, jinai, familia na urithi, ushahidi, biashara, makampuni na ufilisi, sheria ya utawala, katiba, falsafa ya sheria, usawa na amana, mali, sheria za kimataifa, na kazi.

Mbona nakupa hii orodha yote? Kwa sababu ndio kipimo chako. Chuo kikikupa ratiba ya miaka minne, kaa chini na kalamu, weka alama moja moja. Chuo kizuri kitakuwa na zote 16 na kingine juu: labda sheria za teknolojia, michezo, mazingira, ama haki za ubunifu kama uko kwa sanaa. Hizo za juu ndio zinafanya chuo kimoja kitofautiane na kingine.

Hii pia ndio inaumiza wengi wanaosomea nje. Ukienda Uganda, Tanzania ama Uingereza, digrii yako lazima ipelekwe CLE itambuliwe kwanza. Wakipata kuna somo la lazima hukufanya, unaambiwa urudi darasani ulifanye huku. Sio mwisho wa dunia, lakini ni miezi na doh ambazo hukuwa umepanga. Na hapo kwa nje ya nchi, gredi zako za KCSE hakika zitaangaliwa. Mtu mwenye anakimbia mpaka ju gredi zake ni chini, ajue kufuli iko upande huu.

"UoN ama uache": ni ukweli?

Tuongee ukweli kuhusu jina la chuo.

Angalia Majaji Wakuu watatu wa tangu katiba ya 2010. Willy Mutunga, mwana wa Kitui, alisomea Dar es Salaam. David Maraga na Martha Koome walisomea UoN. Kalonzo Musyoka pia ni UoN. Marehemu Mutula Kilonzo, mtoto wa Mbooni ambaye Ukambani nzima bado inamtaja ukianza story za mawakili, yeye alikuwa wa Dar.

Ukiangalia hivyo unaweza dhani kuna siri imefichwa kwa hizo shule mbili. Lakini cheki miaka. Kitivo cha sheria cha Dar es Salaam kilifunguliwa 1961, cha kwanza Afrika Mashariki. Kabla ya hapo, mtu wa huku akitaka kuwa wakili alipanda meli kwenda London. Nairobi ilianza kufunza sheria 1970. Moi ikafuata 1994. Yaani kwa zaidi ya miaka ishirini, ukitaka kusomea sheria Kenya, ilikuwa Nairobi pekee. Hao wakubwa hawakuchagua UoN mbele ya vyuo kumi na tano. Hakukuwa na kingine.

Kwa hivyo jina linasaidia, sikatai. Ofisi kubwa za mawakili tao zimejaa watu wa UoN, na mtu hupenda kuajiri mtu wa nyumbani kwake. Lakini ukifika Karen, kila mtu anafanya karatasi zile zile. Mtihani wa CLE hauulizi ulitoka wapi. Na siku ya kuapishwa, hakuna orodha mbili.

Vitu vinavyofanya chuo kimoja kiwe kizuri kuliko kingine

Ukishapata vyuo vyenye leseni, na viko vingi, wa serikali na wa binafsi, hivi ndivyo unavyochuja:

*Moot.* Hii ni kesi ya kuigiza. Unapewa stori, unatetea upande mmoja mbele ya majaji wa mazoezi. Chuo chenye kinapeleka timu kwa mashindano kila mwaka kinakufunza kusimama na kuongea kabla uwe na mteja halisi. Uliza: mwaka jana mlienda mashindano gani? Wakijikuna kichwa, umejibiwa.

*Kliniki ya sheria.* Wanafunzi wanasaidia raia wa kawaida na mambo ya ardhi, kazi, watoto. Hapo ndio utajua kama hii kazi unaipenda ama unapenda tu suti.

*Walimu.* Uliza ni wangapi wa kudumu na ni wangapi wa kuja Jumatatu tu na kupotea. Mwalimu anayefanya kazi kortini ni mzuri, lakini kama wote ni wa kukimbia, darasa litakuwa la WhatsApp.

*Jarida.* Vyuo kama Strathmore na Kabarak vina majarida ya sheria ambayo wanafunzi hushiriki. Ukitoka na makala imechapishwa, CV yako inaongea yenyewe.

*Wanafunzi waliomaliza.* Hii ndio kipimo cha mwisho. Tafuta watatu waliomaliza miaka miwili iliyopita. Waulize swali moja: mlipomaliza, transkripti mlipata lini? Kuna watu hukosa kuingia KSL mwaka mzima si ju walifeli, ni ju alama za somo moja zimepotea kwa ofisi ya mtu.

Hesabu ya msee wa Machakos

Sasa tuongee ganji, ju hapo ndipo ndoto hupimwa.

KUCCPS inaweza kukupeleka chuo cha serikali ama cha binafsi. Tofauti kubwa: kwa mfumo mpya wa ufadhili ulioanza 2023, ufadhili usiolipwa ulilenga vyuo vya serikali, na aliyepelekwa chuo cha binafsi aliachiwa njia ya mkopo wa HELB. Mkopo ni deni. Deni la sheria linaanza kukuuma ukiwa bado pupillage, ambapo ofisi nyingi hulipa kidogo ama hazilipi kabisa.

Halafu kuna makao. Machakos mpaka Nairobi ni kama kilomita 64, na vitivo vingi vya sheria viko upande wa Nairobi: UoN na MKU Parklands, JKUAT Karen, Strathmore Madaraka, CUEA Lang'ata. Wazazi wengi husema, "Si utakuwa unaenda na kurudi?" Tupige hesabu ya mfano tu. Tuseme kwenda na kurudi, ukijumlisha mat ya pili ya ndani ya Nairobi, ni 600 kwa siku. Siku nne kwa wiki, wiki 14 kwa semista, semista nane. Hiyo ni 268,800. Sasa chukua keja ya 8,000, miezi tisa kwa mwaka, miaka minne: 288,000. Tofauti ni 19,200 tu kwa miaka yote minne. Na yule wa kusafiri amepoteza masaa manne ya kila siku kwa foleni ya Mombasa Road, masaa ambayo mwenzake alikuwa maktaba. Weka bei zako mwenyewe kwa hiyo hesabu kabla mkubaliane nyumbani.

Kitu kingine cha kwetu: usidanganywe na ukaribu. Machakos University iko hapa mtaani na ilipata charter 2016. Daystar ina kampasi kubwa Athi River na pia ina kitivo cha sheria. Vizuri sana. Lakini swali ni lile lile kwa kila chuo: darasa la sheria linakaa kampasi gani, na hiyo kampasi iko kwa orodha ya CLE? Uliza kabla ulipe deposit ya keja. Kuna tofauti kubwa kati ya kulala Athi River na kusomea Nairobi.

Na usisahau kuweka pembeni pesa ya Karen. Masomo ya KSL peke yake ni karibu laki mbili, bado hujalipa mtihani wa CLE, vitabu na kuishi Nairobi. Familia nyingi humaliza kila kitu kwa LLB, halafu mtoto anakaa nyumbani miaka miwili akingoja harambee. Ukiwa unachagua kati ya chuo cha bei ya juu na cha bei ya kati, vyote vina leseni, vyote viko fiti, ile tofauti ya fii inaweza kuwa ndio fii yako ya Karen.

Faida ya kuwa Machakos ambayo watu hawatumii

Hapa tuna mahakama. Mahakama Kuu ya Machakos, ya ardhi na mazingira, na mahakimu. Kesi nyingi husikizwa wazi, na raia yeyote anaweza kuingia akaketi kimya. Hulipi kitu. Zima simu, vaa kiheshima, kaa nyuma.

Fanya hivyo siku tatu kabla ujaze fomu ya KUCCPS. Utaona kesi ikiahirishwa mara ya sita. Utaona wakili akibebana na faili za watu kumi asubuhi moja. Utaona ndugu wawili wakipigania shamba la marehemu baba. Kama baada ya siku tatu bado unataka, basi wewe ni wa hii kazi. Kama umechoka, umeokoa miaka sita.

Pia kuna hukumu za mahakama kwa tovuti ya Kenya Law, zote bure. Soma moja tu ya ardhi kutoka Machakos. Kama umeelewa nani alishinda na kwa nini, kichwa kiko.

Na pupillage si lazima ufanyie Upper Hill. Wakili wa hapa tao mwenye amehitimu miaka mitano anaweza kukuchukua, na utaguswa na kazi nyingi kuliko kule unapopewa kazi ya kutoa kopi.

Maswali yenye huulizwa sana

*Nikikosa sheria kwa KUCCPS, nichukue kozi ingine nihame?* Kuna nafasi za kuhama kozi ama chuo, lakini lazima pointi zako za klasta, zile zinahesabiwa juu ya 48, zifikie za ile kozi mwaka wako. Kama hukufikia, kuhama hakutageuza hesabu. Uliza pointi kwanza.

*LLB bila Karen ina kazi?* Iko. Watu wanafanya kazi kwa benki, mashirika, serikali ya kaunti, bunge, uandishi wa habari. Lakini huwezi kusimamia mtu kortini ama kujiita wakili. Hilo ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Mawakili. Mwaka wa 2023 nchi nzima iliongea juu ya msee aliyeshtakiwa kwa kujifanya wakili. Hiyo si njia ya kuomoka.

*Naweza somea sheria jioni nikifanya wera?* Vyuo kadhaa vina madarasa ya jioni. Hakikisha leseni ya kampasi inahusu hata hayo. Na jua Karen haitakungoja, ratiba yake ni ya mchana na ni nzito.

*Second Lower itanifungia?* Mtihani wa CLE hauulizi daraja la digrii. Ofisi kubwa za mawakili ndio huuliza, hasa ukitafuta pupillage. Soma vizuri, lakini usijinyonge.

Kabla ubonyeze "tuma", jibu haya

1. Nina C+ na B ya Kingereza ama Kiswahili? Kama sina, KSL wameniandikia nini?
2. Chuo kiko kwa orodha ya CLE leo, sio mwaka jana?
3. Kampasi yangu ndio ile yenye leseni?
4. Leseni inaisha lini?
5. Masomo 16 yote yako kwa ratiba?
6. Nimeongea na watu watatu waliomaliza hapo?
7. Fii ya miaka minne pamoja na keja, na ya Karen, nimeandika yote kwa karatasi moja na wazazi wameiona?
8. Nimeketi kortini hata siku moja?

Ukiwa na majibu manane, chagua chuo chenye roho yako inapenda kati ya vile vimebaki. Ukiwa na sita, tafuta mawili kwanza, ju fomu ya KUCCPS ina siku zake lakini simu ya kupigia CLE haichukui hata nusu saa. Na kama kuna ndugu ama rafiki yako mwenye anangoja matokeo, mtumie hii sai, kabla mjomba amfikie.